Chumvi Juu ya Kigoda

Katika mwaka wangu wa pili wa kuongoza teatri nilimlazimisha mama mkwe amtazame mkwe wake machoni na kumlisha chumvi kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kwaya nzima, mara tatu. Mara ya tatu alijifunika uso kwa kitambaa akatoka nje, na nyumba ya watu ikakaribia kuvunjika. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba wale wawili ni wakwe. Nilisikia vizuri. Niliona tu kwamba jambo hilo halihusu kazi yangu.

Naanza na kosa hilo kwa sababu ninyi mnaolichukua kundi mmeniuliza mara nyingi nilijifunza wapi, nami nimezoea kujibu "kitabuni" ili nionekane msomi. Nina miaka thelathini na saba. Si umri wa kupumzika, lakini daktari anasema tumbo langu limetangulia kuzeeka, na kwamba mtu anayetapika kabla ya kila onyesho hana budi kuchagua kimoja, maonyesho au tumbo. Nimechagua tumbo, bila furaha.

Nilitoka seminari ndogo bila kuwa padri. Kila nilipokwisha kuungama nilirudi tena foleni kuungama dhambi ile ile, kwa kuhofia kwamba mara ya kwanza sikuisema sawasawa. Mapadri wakachoka. Wakanitafutia kazi katika kiwanda cha uchapaji cha misioni, hapa Elisabethville, kupanga herufi za risasi. Kazi ilinifaa. Herufi ikisimama vibaya unaitoa kwa kibano na kuiweka upya, na haikuulizi sababu. Siku moja, ndani ya sanduku la karatasi za kufutia wino, nilikuta kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kinachoeleza namna ya kutayarisha michezo ya shule. Kurasa za mwanzo zilikwisha tumika kufuta wino. Kwa hiyo nilijifunza kazi hii kuanzia ukurasa wa kumi na tisa, na mpaka leo sijui kumi na nane za kwanza zilisema nini. Jambo hilo bado linanisumbua.

Padri Anselme, msimamizi wa sal, yaani ukumbi wa misioni, alinikuta nakisoma wakati wa chakula. Akasema kwamba mtu anayesoma kitabu kama kile bila kupewa kama adhabu ndiye aliyekuwa akimtafuta. Jioni hiyo akanipa ufunguo wa sal.

Siku ya kwanza nilikuta wanaume tisa na shela moja ya buluu. Wakati ule wanawake hawakupanda jukwaani. Sehemu zao zilichezwa na wanaume. Fundi seremala mmoja mwenye masharubu alikuwa Bikira Maria kwa mwaka wa tano mfululizo, na hakukubali kunyoa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na wote walinizidi umri. Niliwaambia wasimame upande wa "jardin" au upande wa "cour", kama kitabu kilivyoita pande mbili za jukwaa, kwa sababu ya bustani na ua fulani vya huko Ulaya ambavyo mimi pia sikuvijua. Walinitazama kwa huruma. Baada ya wiki moja tukaziita pande zile kwa majina tuliyoyajua. Ukuta wa kushoto ulielekea njia ya treni, ukawa Reli. Wa kulia ulielekea bomba la moshi la kiwanda cha shaba, ukawa Tanuru. Ndiyo asili ya majina mnayoyatumia. Msiwaulize wazungu, hawayajui.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Pazia la amerikani tulilolipaka udongo mwekundu wa kichuguu. Taa za petromax nne, kila moja na bati la biskuti nyuma yake ili mwanga uende mbele. Chaki. Na mezani kwangu, herufi za risasi zilizochakaa, kila mwigizaji herufi yake, nilizozisogeza juu ya kifuniko cha sanduku mpaka nijue kila mtu atakanyaga wapi. Kisha nikachora sakafuni kwa chaki mahali pa kila mguu. Watu wa cité, mtaa wetu Waafrika, waliniita Bwana Chaki. Nilidhani ni heshima.

Mtu pekee aliyethubutu kunikosoa alikuwa Mwalimu Célestin Mukendi, kiongozi wa kwaya. Alitoka Kasai na suti moja na harmonium moja, kinanda cha mivukuto, na vyote viwili vilikuwa na viraka vingi. Alikuwa na desturi ya kufumba macho mazoezini. Nilipomuuliza kwa nini hatazami kazi yangu, alisema anasikia miguu. "Bantu yako banatembea sawa vile banahesabu," alisema. "Mutu anaenda kwa mama yake, hahesabu."

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, Mukendi alitunga mchezo ambao maneno yake yote yaliimbwa, toka mwanzo mpaka mwisho. Padri Anselme akauita opera. Kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kuona opera, hakuna aliyebisha. Hadithi ilikuwa fupi. Mfalme wa mashimo ya chumvi anamfukuza mama yake kwa sababu aliwagawia wageni chumvi. Mashimo yanakauka. Mama anarudi, anamwekea mwanawe chumvi kidogo ulimini, na maji yanarudi.

Mukendi alisema sauti ya mama lazima iwe ya mwanamke, la sivyo atarudi Kasai na harmonium yake. Padri alifikiri wiki mbili akakubali, mradi awe mjane na mtu wa heshima. Hivyo akaja Mama Honorata, muuza samaki wakavu wa Pweto pale sokoni, mwenye sauti iliyotoka chini kabisa kama maji ya kisima na kupanda bila haraka. Mfalme alikuwa Firmin Kasongo, fundi wa matangi ya mvuke kwenye kiwanda cha shaba, mwenye sauti nzito iliyozidi zote. Wote wawili walikuwa wa kwaya siku nyingi. Kanisani wanawake hukaa upande mmoja na wanaume upande wa pili, wote wakitazama altare. Sikujiuliza kwa nini wawili hao hawakuwahi kusimama karibu.

Kwa atakayesoma haya na si wa kwetu, nieleze. Kwetu watu wa kaskazini, na kwa majirani wengi, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hamshiki mkono, wala hali chakula mbele yake. Hiyo si chuki, ni heshima. Inaendelea mpaka mtoto azaliwe na wazee wafanye shughuli ya kuwafungulia nyuso. Na dada za mama mkwe nao ni mama wakwe. Mimi nililelewa na baba peke yake katika kambi ya reli, kisha seminari. Niliyajua hayo kama mtu anavyojua mto ambao hajawahi kuuvuka.

Siku ya mazoezi ya chumvi, Firmin alinivuta pembeni kabla hatujaanza.

"Mwalimu, samahani. Ule mama iko mukwe yangu. Veronika, bibi yangu, ni mutoto ya mudogo yake."

"Huku juu hakuna mukwe," nikamwambia. "Huku juu kuko mama na mutoto yake. Ya inje muache inje."

Maneno hayo niliyatoa ukurasa wa thelathini na mbili, ambako imeandikwa kwamba mwigizaji anaacha nafsi yake mlangoni pamoja na kofia. Niliyapenda sana.

Mama Honorata alikuja akiimba vizuri mpaka hatua ya mwisho, kisha macho yake yakaanguka sakafuni na mkono wake ukasimama hewani. Nikamwambia arudie. Akarudia, akasimama pale pale. Niliamini kwamba hajui kuigiza, na kwamba ni wajibu wangu kumfundisha. Mara ya tatu nilimshika kiwiko nikausukuma mkono wake mpaka mdomoni mwa Firmin. Chumvi ilimwagika kwenye shati. Nikasema, na sentensi hii naikumbuka kila neno, "Mama, unaogopa mutu ao unaogopa chumvi?" Nilitegemea kwaya icheke. Nilisikia tu harmonium ikitoa pumzi.

Akajifunika uso, akatoka.

Kesho yake asubuhi Firmin alikuja kiwandani kwangu kabla ya kuingia kazini. Veronika ameondoka. Amechukua sufuria na mkeka, yuko kwa Mama Honorata. Ukoo unasema mume wake amekula mkononi mwa mama yao mbele ya watu, tena kwa kuimba. Akitoka pale atapelekwa kwa mama yake mzazi huko Kambove, na ndoa imekwisha. Firmin hakunipigia kelele. Ningependa angepiga.

"Nilikuambia," alisema, akaenda kazini.

Nikamwendea Mukendi. Alinisikiliza akifuta vidude vya harmonium kwa kitambaa.

"Kwetu Kasai nako iko vile," akasema. "We, nani alikulea?"

"Mapadri."

"Njo sababu ile. Bale habana na bamukwe."

Nilimwonyesha barua ya kuomba radhi niliyokwisha kuiandika upya mara nne, yenye pambizo sawa pande zote. Aliisoma yote akasema Kifaransa chake ni kizuri, nikafungie sabuni. Niende mwenyewe, kwa miguu, nikaseme kwa mdomo.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Mama Honorata alikuwa ameketi uani anachambua maharagwe. Kando yake alikaa kaka yake, Mzee Ngoie, aliyekuwa kapita, msimamizi wa vibarua wa reli, na bado alivaa kofia yake ya kazi. Veronika alikuwa mlangoni na hakunisalimu. Firmin alikuwa ameitwa pia. Alisimama nje ya ua wa matete, kwenye jua, na nilimwona mabega tu.

Nilisema nilichotumwa kusema. Kosa ni langu. Firmin aliniambia, nikakataa kusikia. Nilimshika mama mkono kwa nguvu. Nilipomaliza nikaanza tena, nikihisi sikusema sawasawa, mpaka Mzee Ngoie akainua kidole.

"Tumesikia. Haiko rozari."

Kisha Mama Honorata, bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe, akasema na kuku aliyekuwa akipita.

"Kuku, ambia ule mutu iko inje asisimame ku jua. Kuko kivuli nyuma ya nyumba."

Kutoka nje ya ua sauti ya Firmin ikajibu, ikisema na ule ua, taratibu, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia mazoezini. "Lupango, ambia mama minashukuru."

Akazunguka ua kwenda kivulini, na kwa kila hatua aliyopiga, yeye Mama Honorata aligeuza kigoda chake kidogo, bila kutazama, hivi kwamba mgongo wake ulimwelekea Firmin wakati wote. Walikuwa kama watu wawili wanaoshika ncha mbili za kamba moja. Naungama kwamba wakati huo nilisahau aibu yangu, nikasahau hata ndoa. Nilisimama, nikaanza kuhesabu hatua kutoka kigoda mpaka ua.

"Mutoto huyu anapima nini?" Mzee Ngoie akauliza. "Anataka kununua kiwanja?"

Mama Honorata akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Muache apime. Alikosa juu ya vile hakupima."

Basi nikauliza yote niliyotaka kujua. Mkikutana katika njia nyembamba? "Naingia mu majani." Akiwa amefunga njia na mzigo? "Nakohoa. Anajua kikohozi yangu." Na akiwa mgonjwa, hana mtu, nawe umemletea chakula? "Naweka chini, nakohoa, nageuka, naenda. Akisikia miguu yangu iko mbali, njo anakula."

Nilimuuliza anageukia mguu gani. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. Lakini akasimama, akachukua sahani ya maharagwe, akanionyesha. Akaiweka chini kwa mikono miwili. Akakohoa kidogo. Akageuka juu ya mguu wa kushoto, akaenda. Bila kuombwa akarudia, na mara ya pili nikaona kwamba kabla ya kugeuka mkono wake ulibaki juu ya sahani kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Katika mkono ule palikuwa na kila kitu nilichokuwa nikimsukuma kiwiko ili akitoe.

Nikawaambia tutaucheza hivyo. Chumvi itawekwa juu ya kigoda katikati ya jukwaa.

Mama Honorata alikaa, akachambua maharagwe machache. Kisha akatoa hukumu yake, na ilikuwa na masharti. Haya ile ilisikika cité nzima, kwa hiyo haiwezi kufutwa hapa uani kwa maneno. Ataimba. Ukoo wote utakuja sal, utakaa benchi moja, na Veronika katikati yao. "Bantu balisikia haya. Sasa baone heshima." Wakiiona, Veronika atarudi kwa mume wake siku hiyo hiyo. Wasipoiona, Kambove.

Nilirudi nyumbani nikatapika.

Ilibaki kumwambia Padri Anselme, ambaye alimtaka mama amkumbatie mwanawe mwishoni, na alikwisha kuwaambia wageni wake. Nilifikiri kumdanganya. Nilipanga kusema ndiyo, kisha siku ya onyesho kufanya vingine na kusingizia usahaulifu wa waimbaji. Nilifika mpaka mlango wa sakristia na uongo huo tayari mdomoni. Padri akafungua, nikasema ukweli.

Padri hakupenda. Alisema hata Mtakatifu Petro alikuwa na mama mkwe, na mama huyo alipougua homa alishikwa mkono akainuliwa.

"Ndiyo, Padri," nikasema. "Lakini aliyemshika alikuwa Bwana Yesu. Petro alisimama pembeni."

Sijui nilipata wapi maneno hayo. Padri akaanza kukunja kanzu za misa, na alipokwisha kukunja ya tatu akasema basi, tufanye kama Petro.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana baada ya Baraka. Mbele, kwenye viti, walikaa wazungu wachache na wake zao. Nyuma yao mabenchi, na katika benchi la pili ukoo wa Mama Honorata wakiwa wamebanana, Mzee Ngoie na kofia yake, Veronika katikati. Alikuja na sufuria zake ndani ya beseni, akalisukuma chini ya benchi. Nilisikia baadaye kwamba alikwisha kuamua: akitoka sal anakwenda kwa Firmin au anakwenda Kambove, lakini kwa mama mkubwa harudi, kwa sababu anakoroma.

Nilisimama nyuma ya pazia upande wa Reli. Kigoda kilikuwa katikati, hatua sita kutoka kiti cha mfalme. Nilikwisha kuzipima mara nyingi kuliko nitakavyokubali kuandika.

Mambo yalikwenda sawa mpaka mama aliporudi kutoka uhamishoni. Wakati huo mwimbaji mmoja wa sauti ya juu, kwa bidii tu, aliona kigoda kimekaa peke yake akadhani kimesahauliwa. Akakibeba, akakiweka mbele ya magoti ya Firmin, kama mtu anavyomsogezea mfalme meza. Akarudi mahali pake ameridhika.

Mama Honorata alikuwa tayari njiani, ana ungo wa chumvi mikononi. Akakiona kigoda. Ili aweke chumvi angelazimika kuinama mpaka pumzi yake imguse mkwe wake. Akasimama. Sauti ikasimama naye.

Mukendi akarudia mstari wa harmonium. Akaurudia tena. Katika benchi la pili Mzee Ngoie akavua kofia, akaiweka magotini. Veronika aliinama, na mkono wake ukashika ukingo wa beseni. Nilitaka kutoka nikakisogeze kigoda. Lakini ukoo ungeona nini? Bwana Chaki akiilinda heshima ya watu wengine kwa nguvu, kama alivyoivunja.

Firmin akainuka. Alikuwa bado anaimba, kwa kuwa wimbo ulikuwa wake pia. Akawapa mgongo mama mkwe wake, wazungu, Padri na sal nzima, akatembea taratibu kuelekea Tanuru mpaka pua yake ikakaribia ukuta. Akaketi chini sakafuni, mfalme na taji lake la bati, amegeukia ukuta, akaimba. Ukurasa wa arobaini wa kitabu changu unasema mwigizaji asiwape watu mgongo kamwe. Sauti yake iligonga ukuta ikarudi kwetu kubwa zaidi, kana kwamba inatoka kwenye jengo lenyewe. Na katika mwendo wake hapakuwa na hesabu ya hatua yoyote niliyompa.

Mama Honorata akaenda kwenye kigoda. Akaweka chumvi kwa mikono miwili. Akakohoa. Kikohozi hicho hakikuwa katika nota za Mukendi, lakini wanawake wote wa sal walikijua, na nikasikia benchi baada ya benchi likivuta pumzi. Mkono ukabaki kidogo. Akageuka, akaenda, akiimba tena. Aliposikia miguu yake imefika mbali, Firmin akainuka, akarudi, akaonja.

Wanawake walipiga vigelegele kabla maji hayajarudi katika hadithi, na kwaya ililazimika kungoja. Mzee mmoja wa kizungu alimuuliza Padri kama yule mfalme aliyeketi sakafuni ameugua. Padri alimjibu kwamba hapana, ndiyo desturi ya opera ya hapa.

Nje, Mzee Ngoie alinipita bila kunitazama, kisha akarudi hatua mbili. "Ule mutu anajua kukaa chini," alisema. "We ulimufundisha?"

Nikasema hapana.

"Muzuri," akasema, akavaa kofia.

Veronika hakungoja kuambiwa. Alikwisha kutangulia na beseni lake kichwani, kuelekea kambi ya kiwanda, na Firmin nyuma yake bado amevaa taji la bati. Nililihitaji kwa Jumapili iliyofuata. Nilimwacha aende nalo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi zaidi kuliko ya habari. Ngoma ziliruhusiwa kuingia ndani ya sal, kwanza moja, ikiwa imefunikwa blanketi, kisha tatu bila blanketi. Umeme ulikuja na ukawa taabu, kwa sababu taa za umeme zinaonyesha nyuso zote sawa, wakati petromax ilijua kuchagua. Zifunikeni kwa karatasi ya mafuta. Tulikwenda Kambove kwa lori na pazia likapeperuka njiani. Tulicheza bila pazia, na niligundua kwamba watu hupenda sana kutazama viti vikipangwa. Mukendi alifariki akiwa amefumba macho kwenye mazoezi, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyejua kwamba ni tofauti na siku nyingine. Bado namkasirikia kwa hilo, na bado nasikiliza miguu.

Veronika alipata mtoto. Wazee wakafanya shughuli ya kufungua nyuso, na tangu siku hiyo Firmin na Mama Honorata wanasalimiana na kula pamoja kama watu wengine. Niliona hakuna tena kizuizi, nikawaomba tujaribu tukio la chumvi kama lilivyoandikwa: ana kwa ana, mkono mpaka ulimini. Nilitaka sana kujua. Walikubali bila shida. Kila kitu kilikuwa sahihi na hakuna aliyevuta pumzi. Baada ya hapo Mama Honorata aliniuliza kama nimeshapata jibu langu, nikasema ndiyo, na mchezo ukarudi kwenye kigoda. Firmin anasema ni vigumu zaidi sasa, kwa sababu lazima akumbuke namna alivyoogopa.

Zamani, katika kundi hili, niligawa sehemu kwanza, na walionionya niliwanyamazisha. Sasa hakuna anayepewa sehemu kabla ya kila mmoja kusema ni nani yeye hawezi kumtazama, ni nani hawezi kula mbele yake, na ni nani hawezi kutamka jina lake. Shughuli hiyo huchukua siku mbili. Anayeuliza maswali ni Mama Honorata. Ameketi kwenye kiti kilichokuwa changu, na wanawake wanaopanda jukwaani wamekuwa wengi kuliko wanaume.